Jua la Dodoma halileti saruji: nimeuziwa mashua iliyozibwa kama ukuta

Wakuu, heri ya jioni.

Mtakaokuja kumcheka Mgogo aliyenunua mashua, chekeni haraka mmalize, maana majirani zangu hapa Nzuguni wameshamaliza vichekesho vyote. Huu mwezi wa tatu naitwa Nuhu. Watoto wa mtaa wakipita getini wanauliza, "Mzee Nuhu, mvua lini?" Hilo nimelizoea. Nisichoweza kukimeza ni mtu aliyekula hela yangu kuniambia kwamba aliyenitapeli ni jua.

Nilikaa Kunduchi miaka mitano kikazi. Jumamosi nilikuwa nashuka ufukweni, wavuvi wakanizoea, wakaanza kunipa demani (kamba ya kuongozea tanga) nishike na mara nyingine usukani kama upepo umetulia. Niliporudi nyumbani Dodoma kiu ikabaki. Watu wakisikia Dodoma wanaona vumbi na zabibu tu, lakini bwawa la Mtera lipo, unashika barabara ya Iringa, mchana bado mbichi umefika. Maji hadi macho yanachoka. Na upepo wa kiangazi wa huku, anayeujua anaujua. Nikasema nitafute mashua ndogo ya tanga, isiyoniulizia petroli, niiweke pale kwa mlinzi, wikiendi niende na familia. Mama watoto alikuwa na fedha za kuwekea vigae sebuleni. Mnaanza kuelewa kwa nini nina hasira.

Nikaunganishwa na dalali. Simtaji yeye wala kijiji chake, ni huko kati ya Dar na Bagamoyo. Maelezo aliyonitumia ninayo kwenye simu mpaka leo, sikufuta hata nukta: futi 18, mbao za mninga tupu, ina mwaka mmoja, kalafati imepigwa upya, tanga jipya la marekani. (Kalafati ni pamba inayozibia mianya ya mbao, marekani ni kitambaa cha pamba.) Milioni tatu na laki mbili.

Nikateremka pwani. Hapa nilifanya kosa la kwanza, nalikiri mbele yenu. Nilifika mchana maji yamejaa. Mashua inaelea, bluu ya kumeta na ukanda mweupe ubavuni, inacheza kama bibi harusi, na tumbo lote liko majini. Ndani kulikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu na kata ya kuchotea maji inaelea juu yake. Nikauliza haya maji ya nini. "Mvua ya jana, bosi." Mchanga wa ufukwe mzima ulikuwa mkavu kama unga wa sembe, na mimi mtu mzima nikaitikia, "Aaa, sawa."

Mtu wa pwani angesubiri saa kama sita hivi, maji yatoke, chombo kikae mchangani, halafu apite chini ya tumbo na kisu mkononi, achome kila ubao na kila msumari. Waswahili wenyewe wana msemo, nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini ndani maji yanakokusanyika. Mimi nilienda tezi, nikaenda omo, nikapiga picha ya kuwatumia shemeji zangu. Ngamani sikurejea.

Tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari. Usafiri ulikuwa Fuso lililokuwa linapanda tupu kufuata mahindi Kibaigwa, dereva akakubali kunisogezea hadi Dodoma kwa laki saba. Mlingoti na foramali (mti unaobeba tanga) vimefungwa juu, vimechomoza nyuma, nimevifungia kitambaa chekundu.

Kosa la pili nalo ni langu. Likizo yangu ilikuwa bado, mashua ikakaa uani kwangu wiki saba, Juni na Julai, bila turubai wala magunia ya maji. Sasa fikiria. Chombo kilichozaliwa pwani, mbao zake zimezoea unyevunyevu usiku na mchana, unakileta mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na kuanzia Juni hadi Oktoba hutegemei hata tone. Halafu upepo ule unaopasua midomo. Mbao zikasinyaa. Mianya ikafunguka ubavuni kiasi cha kupitisha sarafu, pamba ya kalafati ikaanza kuning'inia kama ndevu za beberu. Hilo sibishani. Hilo ni jua la Dodoma, na dawa yake ipo, inajulikana na kila anayeishi na vyombo: unakizamisha makusudi siku kadhaa, mbao zinakunywa maji, zinavimba, mianya inafumba yenyewe, kisha unarudia kalafati pale palipokaidi.

Ila kuna kitu niliona, nikakipuuza. Chini kabisa, karibu na mkuku (ule uti wa mgongo wa chombo), mianya haikuwa wazi. Ilikuwa imejaa kitu cha kijivu, kigumu. Najua pwani hupaka tumbo la chombo chokaa iliyochanganywa na shahamu (mafuta ya mnyama), nikajiambia ndiyo hiyo, wazee hawa wanajua kazi. Nikawasifu kabisa! Nilimwambia mama watoto, "Unaona fundi wa zamani?"

Mwishoni mwa Julai nikaipeleka Mtera. Kwa wasiolijua, lile bwawa halijai na kutoka kila siku kama bahari. Linajaa masika, kiangazi linashuka polepole kadiri maji yanavyoachiwa kuzungusha mitambo ya hapo, megawati 80, kisha yanateremka kwenda Kidatu. Likijaa kabisa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwa umeme mwisho wake ni 690. Kwenye ufuko wa bapa kama ule, mita moja ya kushuka ni uwanja mzima wa tope. Tuliivuta vijana wanane na mimi wa tisa, tukiteleza, na wote tunashangaa mashua ya futi 18 kuwa nzito namna ile. Kijana mmoja akasema, "Bosi, humu umeficha mbuzi?" Alikuwa karibu kabisa na ukweli.

Tukaizamisha siku tatu. Siku ya nne tukakumba maji, tukatazama: ubavuni imefumba vizuri, kavu. Nikafurahi. Nikatweka tanga. (Hilo "tanga jipya la marekani" ni turubai kuukuu la lori lililoshonwa upya, bado lina matundu ya kamba zake za zamani. Nalipita haraka, ndilo dogo kuliko yote.) Upepo ukalishika, mashua ikainamisha bega, na kwa dakika kama kumi na tano, wakuu, nilisahau vigae na kila kitu.

Kisha chini ya miguu yangu kitu kikalia "ka!" kama kigae kinapasuka. Maji hayakuchuruzika, yalisimama wima, kama bomba la mtaani lililogongwa na greda. Kijana niliyekuwa naye akaweka kisigino juu ya tundu, upande wa pili nao ukalia "ka!" Tulikuwa katikati ya ile miti mikavu iliyozama bwawa lilipojengwa, ambayo visiki vyake bado vimesimama majini, tukashika kimoja. Mashua ni mbao, haikuzama moja kwa moja, ilikaa maji yakiwa sawa na ukingo. Mimi nilisimama ndani yake maji kifuani, simu iko mfukoni imekufa, na kichwani nina neno moja tu. Mtera ina mamba. Wenye mtumbwi walitufikia baada ya kama nusu saa. Nusu saa hiyo sitaieleza hapa.

Kesho yake nikaitiwa fundi wa mitumbwi, mzee mmoja mwenyeji wa Ukerewe aliyehamia Mtera kufuata samaki. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka mashua mara moja bila kusema kitu. Akatoa kisu, akachoma pale chini karibu na mkuku. Kisu kililia. Akachoma tena, kikalia.

"Mwanangu, hii nani kakuuzia?"

"Watu wa pwani, mzee."

"Wamekuuzia nyumba. Huu ni ukuta huu."

Saruji. Mbao za chini zilishaoza, wakachokonoa palipooza, wakajaza saruji na mchanga, wakapitisha puti na rangi bluu juu. Kwenye maji ya chumvi, ikikaa majini muda wote, ubao hautikisiki sana, na saruji inaweza kuvumilia miezi kadhaa ukikumba kila asubuhi. Ndiyo ile kata iliyokuwa inaelea! Lakini ubao ukikauka unasinyaa, ukilowa unavimba. Saruji haisinyai wala haivimbi. Ikibanwa na ubao unaovimba inapasuka, na ikipasuka inatoka nzima kama kizibo. Mzee alinieleza hivyo akinionyesha kwa vidole viwili, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza.

Akaendelea kukwangua. Rangi ni tabaka tatu: chini ya bluu kuna kijani, chini ya kijani kuna nyekundu, na kwenye nyekundu, nyuma tezini, kuna jina la chombo limeandikwa kwa herufi kubwa: TUMEZOEA. Mashua ya mwaka mmoja! Mninga ni mbao mbili tu za juu, zile unazozishika ukiingia. Nyingi za chini ni mwembe, ambao kwa maji baridi hauna maisha marefu. Misumari ni ile ya dukani ya kupigia kenchi, haikuchovywa hata zinki, imekula kutu hadi mbao zimekuwa nyeusi kuizunguka, ukiivuta inakatika kama kiberiti.

Nikapata simu ya kuazima, nikampigia dalali. Nilitegemea atakana, au angalau aone haya. Wapi! "Bosi, pole sana. Sasa ulipeleka Dodoma, jua la kule unalijua mwenyewe. Halafu sisi tulikuuzia chombo cha bahari, wewe umeweka kwenye bwawa. Maji baridi hayabebi."

Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Uongo mtupu ningeuvumilia, lakini huu umechanganywa na ukweli kidogo ili uteleze. Ni kweli maji ya chumvi yanabeba zaidi. Tofauti ni kama asilimia mbili na nusu. Mashua inayozama sentimita 25 baharini, bwawani itaongeza nusu sentimita na kidogo. Nusu sentimita hainisimamishi kifuani katikati ya mamba. Na ni kweli jua langu lilifungua mianya ya ubavuni, kwa uzembe wangu mwenyewe, ningelipia pamba na mafuta ya nazi bila kulalamika. Lakini jua lilichanganya zege saa ngapi? Jua lilipaka bluu juu ya kijani juu ya nyekundu? Jua ndilo lililoandika kwenye simu yangu "mninga tupu"?

Nikamwambia anirudishie hata nusu. Akaniambia mwenye mashua "ameshatumia". Tangu hapo simu haipokelewi.

NYONGEZA: Mnaosema "ungenunua boti ya faiba", asanteni, na nikitaka gari nitauliza bei ya gari. Nilitaka mashua ya mbao na bado naitaka. Wapo mafundi waaminifu pwani kote, kaka zangu wa Kunduchi wangeniletea mmoja kama ningewapigia kwanza. Sikuwapigia kwa sababu nilitaka kuwashtukiza na picha.

NYONGEZA 2: Kwa anayeandika "mnunuzi ajihadhari, kesi imekwisha": haijaisha. Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, inatakiwa ilingane na maelezo. Maelezo ninayo, laini ile ile, tarehe ile ile, niliyapata tena kwenye simu mpya. Karatasi ya daftari ninayo, ina dole gumba la muuzaji. Na kwa yule aliyeuliza kuhusu ukaguzi, ndiyo, chombo kinatakiwa kikaguliwe kabla hakijaingia kazini, na kiwe na majaketi ya kuokolea. Majaketi tulikuwa nayo mawili, ndiyo maana mnasoma uzi huu. Ukaguzi nilisema nitafuata baada ya kuijaribu. Andikeni hilo kosa la tatu.

NYONGEZA 3: Mzee ameng'oa mbao nne za chini na anaweka mpya, ananidai laki nane na nusu pamoja na misumari. Mama watoto anajua laki nne. Saruji yote tuliyoitoa tumeipima kwenye mizani ya samaki, imefika kilo 38. Iko kwenye ndoo mbili uani kwangu Nzuguni, nimeifunika na turubai lisiloruhusu hata jua kuigusa, asije mtu akasema jua ndilo lililoileta. Wakili akiihitaji, ipo.