Waliouguza mgonjwa wa saratani ya ini, tupeane uzoefu

Binti wa Dodoma: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu alikwenda kuchangia damu chuoni, baada ya muda akapigiwa simu arudi. Akaambiwa damu yake haiwezi kutumika, ana homa ya ini B. Kijana ana miaka 27, anacheza mpira, hata kichwa hakimuumi. Niliposikia nikakaa chini. Baba yetu alifariki 2009 kwa saratani ya ini, na nyumbani mpaka leo wanasema ni pombe, wakati mzee hakuwa mnywaji. Mliopitia haya, mlianzia wapi?

Mwana Tandika: Naweka kambi hapa. Kwetu wameondoka wawili, tumbo moja.

Safari Iliyokwama: Mimi niligundulika kwenye vipimo vya kwenda Maskati kufanya kazi. Wakala ameshakula hela yangu, majibu yakarudi kwamba sifai kusafiri. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza. Nilijua ni UKIMWI, nikalia wiki nzima. Sijapima tena tangu siku hiyo.

Nesi Mstaafu: Rudi kapime, mwanangu. Kuna kipimo cha kuonyesha kama virusi wa homa ya ini B wapo, kingine cha wingi wao, halafu ini lenyewe litazamwe. Si kila mwenye virusi anaanzishiwa dawa, ila kila mwenye virusi anatakiwa kufuatiliwa.

Kitinda Mimba: Uzi huu umenitoa machozi kazini. Acha niseme.

Kaka yetu mkubwa alikuwa seremala. 2013 alianza kulalamika chini ya mbavu za kulia, anasema kama amemeza jiwe. Tukatibu taifodi mara tatu. Tukatibu vidonda vya tumbo. Mwili ukaisha, suruali anaifunga kwa kamba, tumbo likaanza kujaa maji. Wanayatoa leo, wiki ijayo limejaa tena. Siku ya ultrasaundi daktari alinigeuzia kioo nione, ini lote lina mabonge. Kaka alikuwa na miaka 41.

Usiku wa mwisho sitausahau. Macho manjano kama yai, hanijui tena, ananiita kwa jina la baba. Anapapasa shuka anatafuta randa, anasema kitanda cha mteja hakijaisha. Mpaka alfajiri anapiga randa hewani. Mama amekaa chini, ameshika mguu wake. Tangu ultrasaundi ile hadi tunamzika ni wiki saba.

Msibani zikaanza kauli. Mganga akasema ni mke wa baba mdogo. Tukamfukuza, na mimi nilikuwepo, nilibeba mizigo yake kuitupa barabarani. 2016 kaka wa pili naye akaanza na mbavu zilezile, na mama mdogo huyo tulishamfukuza zamani. Ndipo daktari mmoja kijana akatuuliza: "Mmezaliwa wangapi? Mama yupo?" Tukapimwa wote. Mama anao virusi wa homa ya ini B. Watoto sita, wanne tunao, mimi nikiwemo.

Mama aliuliza neno moja tu: "Kwa hiyo ni mimi?"

Binti wa Dodoma: Ee Mungu.

Mwana Tandika: Pole sana kaka. Sina la kuongeza.

Mzee wa Mizizi: Poleni. Lakini tusidanganyane, ugonjwa huu unapona. 2011 macho yangu yalikuwa manjano kabisa, nikanywa mizizi wiki tatu, nikapimwa, sina kitu. Hospitali hawapendi mjue.

Nesi Mstaafu: Ndugu yangu, mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wenyewe unawafukuza virusi. Wanaobaki nao hawafiki 5 kwa 100. Mtoto mchanga ni kinyume chake, 9 kati ya 10 wanabaki nao, na ini linaliwa miaka 30 au 40 kimya kimya, mpaka saratani inajitokeza. Kwa hiyo ungekunywa hata maji ya dafu ungepona. Huyu aliyeupata siku ya kuzaliwa ukimpa mizizi yako unampotezea muda, na mizizi mingine inaumiza ini.

Mzee wa Mizizi: Unanivunjia heshima. Babu zetu waliishi vipi?

Kitinda Mimba: Mzee wangu, kaka wa pili alikunywa mizizi miezi minne. Naomba tuliache hapo.

Mkulima: Kwa sisi wa Dodoma kuna jambo jingine, sumukuvu. 2016 watu walikufa huku na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu. Sumu hiyo peke yake inaleta saratani ya ini, na ikimkuta mwenye virusi hatari inazidi maradufu. Karanga chungu usimeze, tema. Mahindi yakaushe vizuri, usiyamwage kwenye udongo.

Mama Pacha: Sisi shemeji yetu ana homa hiyo ya ini, tumemtengea sahani na kikombe.

Nesi Mstaafu: Mrudishieni sahani yake. Hauambukizi kwa kula pamoja wala kukumbatiana. Tengeni wembe, mswaki na mkasi wa kucha. Mke wake apimwe, akiwa hana achanjwe: sindano tatu ndani ya miezi sita.

Mama Pacha: Watoto wangu walichanjwa kliniki, wako salama?

Nesi Mstaafu: Chanjo hiyo ilianza kwetu 2002, siku hizi wanachoma wiki ya 6, 10 na 14. Inasaidia sana. Taiwan walianza kuchanja vichanga 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikapungua. Ila mama mwenye virusi anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua, wiki ya 6 haijafika. Mjamzito apime mapema, aulize chanjo ya ndani ya saa 24.

Safari Iliyokwama: Na bia?

Mkulima: Acha.

Safari Iliyokwama: Hata ya sikukuu?

Mkulima: Hata ya sikukuu, mdogo wangu.

Binti wa Dodoma: Kitinda Mimba, samahani nakuuliza. Wewe unaendeleaje? Na mama mdogo?

Kitinda Mimba: Nameza tenofovir, dawa ya kuwazuia virusi, kidonge kimoja kila siku, na ultrasaundi kila miezi sita. Usije ukaacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, niliacha mara moja ini likawaka, nikalazwa. Mama yupo, ana miaka 70. Daktari alimwambia hata yeye aliambukizwa bila kujua.

Mama mdogo nilimfuata mwaka juzi, na karatasi ya majibu mkononi, maana maneno yalinishinda. Hajui kusoma, mjukuu wake akamsomea. Akanyamaza. Akauliza, "Na wewe dawa unameza?" Nikasema nameza. Akaingia jikoni kubandika chai.