Kisu cha kukunja kwa kazi za ziwani: D2, 14C28N au springi ya gari?

Mwalo_Kibirizi:
Wakuu, natafuta kisu cha mfukoni. Kazi ni kukata kamba za nailoni, kupasua migebuka na vishughuli vya kwenye boti. Kuna cha chuma aina ya D2 chenye ugumu wa HRC 60, kuna cha chuma aina ya 14C28N chenye HRC 58, na kuna wahunzi wanaofua springi za gari. Naambiwa kigumu ndicho kinadumu, mara naambiwa kinavunjika. Nichukue kipi?

FundiTupa:
Mkuu, ugumu ni kitu kimoja, uimara ni kingine. HRC hupimwa kwa kukandamiza ncha ya almasi kwenye chuma kwa mzigo wa kilo 150. Ikizama kidogo, namba inapanda. Haikwambii kisu kikipindwa kitavumilia kiasi gani. D2 ina kaboni karibu asilimia 1.5, na ndani yake punje kubwa za kabidi, yaani kaboni iliyoungana na kromi ikawa ngumu sana. Hizo ndizo zinazofanya makali yakae kwenye nailoni, na hizohizo zinang'oka kisu kikigonga mfupa au msumari. 14C28N ya Sweden ina kaboni kama 0.62 na punje ndogo. Ikizidiwa, makali yanalala badala ya kumeguka. Kwa samaki, chukua hiyo.

Ujiji_Mjini:
D2 inasingiziwa. Visu vingi vinavunjika ncha kwa sababu watu wanabandulia vifuniko vya madumu na kufungulia makopo. Kisu chembamba ukikipinda kwa ubavu kinakatika, kiwe cha chuma gani.

Halafu angalia pembe ya kunolea. Nyuzi 15 kila upande kwa D2 ni nyembamba mno kwa kazi ya boti, weka 20. Bapa likiwa na upana wa sentimita 2, inua mgongo milimita 7 juu ya jiwe, hapo umepata 20. Ukiinua milimita 5 tu, umeshuka 15. Na kisu kipya kikimeguka mapema usikitupe: makali ya kiwandani mara nyingi yameungua kwenye mashine. Kinoe mara mbili tatu ufikie chuma kizima.

MlinaAsali_Sikonge:
Springi msiidharau. Kaboni yake ni kama 0.6, inavumilia kugongwa kuliko hizo zote mbili. Ila inashika kutu haraka, na yote yako kwa mhunzi. Akishaizamisha kwenye oili lazima aipashe tena moto mdogo, mpaka sehemu iliyosuguliwa ing'ae rangi ya majani makavu, karibu nyuzi joto 220. Akiruka hatua hiyo, kisu kikidondoka kwenye sakafu ya saruji kinapasuka. Akipitiliza hadi bluu, nyuzi 300 hivi, kinakuwa laini.

Kwa walina asali wenzangu: kisu cha kukatia masega msikiweke kwenye makaa. Maji ya moto yanatosha, na hayafiki joto la kuharibu chuma.

Mwalo_Kibirizi:
Nimewaelewa. Na pengo likishatokea?

FundiTupa:
Kwanza tazama kama ni pengo kweli. Elekeza makali juu chini ya tochi: vidoa vya mwanga vilivyotengana ni mapengo, mstari mrefu unaong'aa ni makali butu au yaliyolala. Pengo dogo litoe kwa jiwe la kunolea namba 400, lenye chembe kubwa. Simamisha kisu wima, vuta makali moja kwa moja juu ya jiwe hadi pengo liishe, kisha rudisha pembe pande zote mbili na umalizie na namba 1000, lililo laini zaidi. Grenda kavu usiiguse. Makali yakigeuka bluu ugumu umeshaondoka.

Ujiji_Mjini:
Nikubali moja kuhusu D2: ina kromi, ambayo ndiyo huzuia kutu, asilimia 12 lakini sehemu kubwa imefungwa kwenye kabidi, kwa hiyo kutu inaingia. Ukishapasua samaki, osha, kausha hadi kwenye ekseli, ile pini ambapo bapa linajikunjia, paka mafuta ya kula kidogo. Kutu ikichimba vishimo karibu na makali, nyufa zinaanzia hapo.

Mwalo_Kibirizi:
Na chuma cha S30V je?

FundiTupa:
Ina metali ya vanadiamu asilimia 4, na kabidi zake ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea. Kama huna jiwe la almasi, iache dukani.