Opresheni ya kibofu baada ya kuumia uti wa mgongo

Muulizaji, Likoni: Jamani kakangu aliumia shingo, kibofu kikikaza na mlango wafunga, mkojo wabaki ndani na figo zaanza kuumia, sasa daktari ataka kumkata ule msuli wa kufungia mkojo, kuna alofanyiwa?

Jibu: Mie nilikatwa. Mkojo watoka wenyewe, navaa kondomu yenye mpira na mfuko. Lakini msuli ukikatwa ndio basi, haurudi, na wengine hurudiwa opresheni.

Jibu: Aulize botoksi kwanza, dawa ya kulegeza msuli, yadungwa kwenye kibofu, nguvu yake yaisha baada ya miezi, ila ajitoe mkojo kwa mpira kila siku mara kadhaa. Mikono yafanya kazi?

Muulizaji: Vidole havishiki, ndugu.

Jibu: Basi mpira wa tumboni pia aulizie, ule wapitishwa tumboni hadi kwenye kibofu kutoa mkojo, huo waweza kutolewa baadaye. Na akiumwa kichwa ghafla na jasho, mketisheni wima muangalie mpira haujajikunja, ni presha imepanda hiyo, isiposhuka kimbieni hospitali.