Binti yangu kapewa 4 kwa 20 kwa sababu mwalimu anaoanisha matabaka ya miamba kwa rangi!

Wanajamvi, nimekasirika na sitaficha.

Mimi ni mchimba visima hapa Hoima, Uganda, mwaka wa 11 sasa. Juzi binti yangu wa S.5 (kidato cha tano) karudi na mtihani wa jiografia, 4 kwa 20. Swali lilikuwa na michoro ya mashimo matatu, X, Y na Z, kila shimo na mashapo yake: mchanga, mfinyanzi, tabaka lenye makombe ya viumbe wa majini, na utepe mwembamba wa jivu la volkano. Wanafunzi waunganishe kwa mistari matabaka ya umri mmoja.

Mtoto kaanza na jivu. Ndivyo! Volkano ikilipuka, jivu lake huangukia eneo kubwa kwa muda mfupi, kwa hiyo ule utepe ni tarehe iliyobaki ndani ya ardhi. Kisha kafuata makombe ya aina moja yaliyoonekana X na Z. Mistari yake ikapanda na kushuka. Mwalimu kaikata yote, kachora yake iliyonyooka, nyekundu kwa nyekundu, kijivu kwa kijivu.

Rangi jamani! Nikichimba, naanika udongo wa kila mita kwenye turubai. Mfinyanzi ule ule, juu ya usawa wa maji ya ardhini ni mwekundu kwa sababu chuma kilichomo kimeshika kutu. Chini ya maji ni wa kijivu. Nikiufuata wekundu nitamla mteja pesa yake bure. Tena nikihamia shamba la jirani, tabaka lile lile naweza kulikuta chini zaidi. Hili ni Bonde la Ufa, ardhi imekatika na vipande vyake vimedidimia. Huo mstari ulionyooka kautoa wapi?

Wala si elimu mpya. William Smith, mpima ardhi wa Uingereza, alizunguka kwenye mifereji akaona kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vya kale, na kwa njia hiyo akachora ramani ya miamba ya nchi yake mwaka 1815. Kwetu huku, E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia iliyoanzishwa 1919, alifanya kazi Kaiso, kando ya Ziwa Albert, na jina la kijiji hicho limo kwenye vitabu vya jiolojia hadi leo. Mawe mekundu yenye chuma na makombe huko yanajirudia, tabaka juu ya tabaka. Anayeunganisha nyekundu kwa nyekundu pale atapotea kabisa.

Lami inashuka mpaka Kaiso. Muhula wa kwanza tulichangishwa shilingi 50,000 kila mzazi watoto wapelekwe wakaone. Basi halikuja, pesa haikurudi, risiti ninayo.

Nilikwenda shuleni kwa adabu. Mwalimu kanionyesha karatasi ya kusahihishia: "Mzee, jibu ni hili." Mkuu wa shule kaniambia nirudi kwenye visima vyangu. Mtoto alikuwa amesimama hapo hapo anasikia. Tangu siku hiyo hajagusa daftari la jiografia, yeye aliyekuwa akinisaidia kuandika sampuli wakati wa likizo.

Nataka karatasi isahihishwe upya na 50,000 zirudishwe kwa wazazi wote. Jumatatu narudi. Walimu wa jiografia mliomo humu, picha ya mtihani naiweka hapa chini, nionyesheni kosa la mtoto liko mstari gani.