MJADALA: Haibridi ya kuchomeka ipunguziwe ushuru kama gari la umeme?

Baba wa Kikuyu (mwenye mada): Wakuu, mtakumbuka mwaka 2019 hapa Kenya ushuru wa bidhaa wa magari yanayotumia umeme pekee ulishushwa kutoka 20% hadi 10%. Hizi haibridi za kuchomeka, zenye betri ya kuchaji nyumbani na injini ya petroli pia, zikaachwa nje. Nasema tulikosea. Wengi wetu tuna gari moja tu, la kazini Jumatatu na la ushago Desemba. Mitsubishi Outlander za kuchomeka za kwanza zina betri ya uniti 12 za stima (kWh). Ukichomeka kwenye soketi ya ukutani, saa nne tano imejaa. Unaenda mjini na kurudi, petroli huigusi sana. Desemba unajaza tangi unapanda Kisumu bila kuomba mtu chaja. Mnasemaje?

Fundi Grogan: Mgala muue na haki yake umpe, kwa petroli utaokoa. Lakini hilo ni gari la mafundi wawili. Oili bado unamwaga, plagi bado unabadilisha, halafu kuna betri ya volti 300 ambayo kijana wangu haruhusiwi hata kuipanguza. Umeme mtupu hauna oili ya injini. Shida yake ni umri: yanatoka Japani yakikaribia miaka 8 ambayo sheria inaruhusu. Ukienda kuangalia Nissan Leaf, la umeme mtupu, achana na rangi na viti. Tazama vijiti vya afya ya betri, si vya chaji, upande wa kulia wa dashi, mpya ina 12. Ukikuta 8, unanunua kabati lenye magurudumu.

Mkaazi 254: Na stima ikipotea? Agosti 2023 nchi nzima ilizimika, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Siku hiyo ungechaji na nini, makaa?

Baba wa Kikuyu: Na pampu ya petroli huwa inavuta kwa mdomo?

Mkaazi 254: Pampu ina jenereta mkubwa. Wewe una jenereta?

Dada wa Kasarani: Mimi nina Toyota Prius ya kuchomeka, ile ya zamani ya uniti 4 na kitu. Ni kidogo, lakini inanitosha kwenda kazini, jioni narudi kwa petroli. Naishi gorofa ya tatu. Waya wa ekstensheni unashuka kutoka dirisha la jikoni, unapita kamba za nguo za jirani, unafika kwa gari. Wiki jana nashuka saa kumi na moja asubuhi, gari halijachaji. Soja amechomoa gari, amechomeka birika. Chai ilikuwa imeiva, hata akanikaribisha. Tokeni ni yangu.

Fundi Grogan: Dada, huo waya usiuache umeviringika kwenye gurudumu lake. Ufungue wote. Ukiviringika unapata moto hadi plastiki inayeyuka, nimeona.

Mwenye Ploti: Samahani, lakini mtu anayepanga ananunua gari la kuchaji la nini? Nunua ploti kwanza, jenga, ndipo uchomeke. Gari bila kwako ni tai bila shati.

Dada wa Kasarani: Ati nini?

Mwenye Ploti: Sijamtukana mtu. Nimesema ukweli wa Nairobi.

Dada wa Kasarani: Mzee wangu, kwa heshima zote, nilikuwa naongea juu ya birika. Umeniingilia mpaka chumbani. Kodi nalipa tarehe tano kila mwezi, gari nimelipa, na karo ya mdogo wangu nalipa. Shati unaloliongelea ni lipi?

Otis wa Umoja: Ha ha, tai bila shati! Wapangaji tujipange, leo tumepatikana.

Mwenye Ploti: Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.

Otis wa Umoja: Ni kweli, wewe unalala. Anayekesha ni mpangaji, analinda ekstensheni.

Mama Baraka: Mwacheni mzee, kuna mahali amegusa. Sisi tulianza na gari. Miaka sita baadaye gari limechoka na ploti bado ni maneno. Ningepata nafasi tena ningeanza na shamba.

Otis wa Umoja: Mama Baraka, na hiyo miaka sita mlikuwa mnapeleka watoto shule na nini, na shamba?

Baba wa Kikuyu: Jamani, mada ni ushuru. Pigeni hesabu: uniti 12 kwa shilingi 30 hivi ni 360, unaenda kilomita 40. Kwa petroli ni lita tatu na kitu, unazidi 500. Na stima yenyewe sehemu kubwa ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, haiji na meli. Halafu betri kubwa hivyo unaweza kuendesha hata friji stima ikipotea.

Fundi Grogan: Friji gani? Ile soketi ya ndani ya Outlander ya Japani inatoa volti 100. Friji yako ni ya 240. Jaribu uone kama itakushukuru.

Baba wa Kikuyu: Sawa, hiyo ya friji nimeiondoa. Ushuru je?

Mkaazi 254: Mpangaji anapanda basi la umeme la BasiGo tangu 2022, hachomeki chochote. Huo ushuru mnaoulilia ni wa watu wenye geti.

Dada wa Kasarani: Mimi geti sina na bado nachaji. Swali langu kwa Mwenye Ploti: hiyo ploti yako iko wapi?

Mwenye Ploti: Joska, huko Machakos.

Dada wa Kasarani: Ina stima?

Mwenye Ploti: Nguzo zimefika kwa jirani.

Otis wa Umoja: Uuuwi.

Mwenye Ploti: Zinakuja. Fomu nilijaza.

Dada wa Kasarani: Karibu Kasarani uchaji simu. Soja atakutengenezea chai.

Mama Baraka: Mzee, huko Joska ploti ni futi hamsini kwa mia? Jirani anauza?