Yule bwana wa seva ametuambia "bonyezeni tena". BONYEZENI TENA!

MwendaPole_Kla:
Jamani nimetoka kazini sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa seva, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo ametumaliza. Siku ya mwisho ya karo, wazazi wamejaa mpaka barabarani, kurasa za kulipia hazifunguki. Naenda kumwita. Anakuja taratiiibu na funguo zake zinalia kiunoni, anachungulia skrini, anatamka: "CPU asilimia 4. Seva nzima kabisa. Bonyezeni tena."

Bonyezeni tena!

Mbele ya wazazi! Kuna mama ametoka Mukono alfajiri, simu mkononi, akamwambia, "Ssebo, kidole hiki kimeshakufa ganzi, sasa nibonyeze na kipi?" Bwana akacheka. AKACHEKA.

Mzee wangu, CPU ndiyo ubongo wa seva, na hiyo asilimia 4 ndiyo ugonjwa wenyewe! Tomcat, programu inayopokea maombi ya kurasa, ina thredi 200, yaani wahudumu wake wa ndani, na zote zimekwama zikingoja databesi, ghala la taarifa, na njia za kufika databesi ni 10 tu, zile 10 ambazo HikariCP, programu inayozigawa njia hizo, huja nazo na yeye hajawahi kuzigusa. Thredi inayongoja haili CPU. Ni sawa na wahudumu wote wa hoteli kujipanga kwenye dirisha la jiko, halafu meneja anasema leo hakuna kazi, mbona hawatoki jasho.

Na mteja mpya akija hafukuzwi. Heri angefukuzwa! Tomcat inampokea, inapokea konekshoni mpaka 8192 hata kama haina thredi hata moja ya kumhudumia. Zikijaa hizo, kerneli, kiini cha Linux inayoendesha seva, inaweka foleni yake, 100 hivi. Nayo ikijaa, Linux inatupa maombi kimyakimya, na simu ya mama wa watu inajaribu tena yenyewe. Kwa hao waliotupwa, Tomcat haiandiki kosa lolote. Kiduara kinazunguka tu mpaka betri iishe.

Halafu mtu mzima na suruali yake anasema BONYEZENI TENA. Ukibonyeza, lile ombi la kwanza halifi! Thredi bado imelishikilia, haijui mwenyewe ameshaondoka, inahangaikia jibu ambalo hakuna wa kulisoma. Mama mmoja tayari ni maombi manne. Bwana amewageuza wazazi wa Kampala nzima kuwa jeshi la kuishambulia seva yake mwenyewe, na bado anacheka.

Jioni ananijibu eti "nimeongeza thredi mpaka 800". Njia bado ni 10!! Sasa tuna 800 kwenye dirisha.

Kasuku_wa_Jinja:
Maneno yote haya na hujasema kama karo zililipwa.

BodaNaKodi:
Lakini ulibonyeza tena? 😂

Chapati_Moto:
Bonyeza tena boss 😂😂

MwendaPole_Kla:
Chekeni tu. Hata yeye alicheka.

Nile_Magharibi:
Kaka una haki, ila umeandika kama mtu aliyeachwa na mchumba. Seva ikizidiwa iseme mapema: 503, yaani "nimezidiwa", na Retry-After juu yake, yaani "rudi baada ya muda huu", mtu aende akanywe chai arudi baadaye. Foleni iwe fupi, na swali la databesi liwekewe muda wa mwisho. Kumkatalia mtu mapema ni heshima.

Kasuku_wa_Jinja:
Si muweke nginx mbele, ile programu ya kupokea wageni mlangoni, kwisha habari.

Nile_Magharibi:
Kwisha nini? nginx inabeba maelfu ya konekshoni bila kumpa kila mtu thredi yake, sawa. Nyuma yake bado ni zile njia 10. Itangoja sekunde 60 halafu iwagawie watu 504, yaani "jibu limechelewa". Umehamisha kilio tu.

Afande_Mstaafu:
Kijana Kiswahili chako kimenyooka. Ulifunzwa kambi gani?

MwendaPole_Kla:
Mzee shikamoo, si kambi, nimekulia Busia. Turudi kwenye mada. Alicheka MBELE YA WAZAZI.

BodaNaKodi:
Nyinyi mna seva ya kulalamikia. Sisi Bweyogerere umeme umekatika tangu asubuhi, hata hiyo ya kubonyeza hatuna.

Chapati_Moto:
Umeme utarudi. Makato ya kutoa pesa kwenye simu je? Unatoa hela ya unga, makato yanakula ya chumvi.

Mama_Mapacha:
Poleni. Mimi nilikuwa kwenye huo mstari leo. Nilibonyeza tena kama tulivyoagizwa. Meseji imeingia sasa hivi, nimekatwa karo mara mbili.

MwendaPole_Kla:
MNAONA?! NANI ALISEMA BONYEZENI TENA??

Kasuku_wa_Jinja:
Mama una mapacha, imelingana 😂

BodaNaKodi:
Mama pole sana, hiyo watarudisha. Mimi hasara yangu hairudi: leo Wandegeya nimeuziwa rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ya yai moja kwa bei ya mawili.

Chapati_Moto:
Mayai yamepanda, msituonee.

BodaNaKodi:
Yai lilikuwa jembamba mpaka naona upande wa pili wa barabara!

Afande_Mstaafu:
Na nyanya waliweka?

BodaNaKodi:
Kipande kimoja afande. Nacho kilidondoka.