Watengenezaji wa ruta na swichi, acheni kutuuzia maandishi ya kusomwa kwa macho mkiyaita otomatiki

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Tuna skripti inayozunguka usiku kwenye ruta na swichi zote. Inaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali), inaendesha amri kadhaa za `show`, zile za kuonyesha hali ya kifaa, inachanganua matokeo, asubuhi inatoa ripoti: jirani gani wa BGP (itifaki ambayo ruta hupashana njia za mtandao) kaanguka, poti gani imezimika. Kazi ya kawaida kwa yeyote mwenye vifaa vingi. Hivi karibuni baadhi ya vifaa vikawekewa toleo jipya la programu endeshi, toleo dogo tu, la kuziba matundu ya usalama. Ripoti iliyofuata ikaja kijani tupu, hakuna jirani aliyeanguka. Kumbe walikuwepo, na wateja ndio walioanza kutupigia simu.

Kilichotokea: mtengenezaji kachomeka safuwima mpya katikati ya jedwali na kubadili kichwa chake. Kiolezo chetu, yaani kanuni za kusoma jedwali hilo, hakikuona mstari hata mmoja kinaoutambua, kikarudisha orodha tupu. Na orodha tupu ya majirani walioanguka inasomeka vipi? Kwamba wote wazima!

Nikafungua tiketi. Nikajibiwa kwamba matokeo ya amri yameandikwa kwa ajili ya binadamu, kwa hiyo hawaahidi chochote kuhusu mpangilio wake. Maelezo ya toleo hayakuwa na hata sentensi moja kuhusu badiliko hilo. Sawa, nikasema, basi nipeni njia ya mashine, yaani matokeo yanayosomeka na programu, kwa amri hiyohiyo. Jibu: bado haipo. Hao hao ambao vipeperushi vyao vimeandikwa otomatiki juu hadi chini.

Na asije mtu hapa kusema teknolojia bado changa. Juni 2002, bodi ya usanifu wa intaneti, IAB, iliwaita waendeshaji wa mitandao na wabunifu wa itifaki wakae pamoja wajadili usimamizi wa mitandao. Yaliyosemwa yakachapishwa mwaka 2003 kama RFC 3535, moja ya nyaraka za kiufundi za intaneti. Kasomeni. Wameandika wazi kwamba CLI, yaani kuendesha kifaa kwa kuandika amri, imelengwa kwa binadamu, ambaye mpangilio ukibadilika kidogo anazoea tu, lakini kuitumia kama njia ya programu ni taabu kwa sababu ya kuchanganua, na kwamba kutunza skripti zinazokabili matoleo tofauti kunakula muda na kuzaa makosa. Ni malalamiko yangu ya leo, neno kwa neno! NETCONF, itifaki ya programu kuzungumza na kifaa, ikatoka mwaka 2006 kwenye RFC 4741, YANG, lugha ya kueleza muundo wa taarifa zake, mwaka 2010 kwenye RFC 6020, RESTCONF, ya kufanya hivyo kupitia HTTP, mwaka 2017 kwenye RFC 8040. Viwango vipo. Sisi bado tunaandika rejeksi, ruwaza za kunasa maneno ndani ya maandishi.

Kwa wasiowahi kuifanya kazi hii, niwaonyeshe tunachopambana nacho. Chukua `show ip interface brief`, amri ya muhtasari wa poti ambayo kila fundi wa mitandao anaifahamu. Safuwima sita. Ukikata mstari kwa nafasi unapata vipande sita, hadi ukutane na poti iliyozimwa na msimamizi, ambayo hali yake imeandikwa `administratively down`, maneno mawili, na vipande vinakuwa saba. Njoo kwenye `show ip bgp summary`. Safuwima ya mwisho, `State/PfxRcd`, ni namba ya njia alizotuma kama jirani yuko hewani, na ni neno kama `Idle` au `Active` kama hayuko. Taarifa mbili za aina tofauti zimesukumwa kwenye shimo moja ili jedwali litoshe kwenye skrini. Muda wa kuwa hewani nao mara ni `00:05:13`, mara `1d02h`, mara `2w3d`, mara `never`. Ukiandika kichanganuzi leo kwa majirani wapya, wiki ijayo mpangilio umegeuka wenyewe bila mtu kugusa kitu.

Poti ileile ni `GigabitEthernet1/0/1` kwenye amri moja, `Gi1/0/1` kwenye nyingine, na `Gig 1/0/1`, tena ikiwa na nafasi katikati, kwenye `show cdp neighbors`, inayoorodhesha vifaa jirani. Amri hiyo ina balaa lake jingine: jina la jirani likiwa refu, taarifa zake zinadondoka mstari wa chini, na kichanganuzi kinachosoma mstari mmoja mmoja kinapata jirani asiye na poti na poti isiyo na jirani. Anwani za MAC, vitambulisho vya kadi za mtandao, sitaki hata kuanza: wengine wanazitenganisha kwa nukta, wengine nukta mbili, wengine vistari.

Sasa zana zetu wenyewe. Nawaheshimu sana wanaojitolea kuandika violezo vya TextFSM (zana ya kugeuza matokeo ya amri kuwa data yenye mpangilio) kwenye mkusanyo wa ntc-templates, bila wao tungekuwa tumezama zamani. Wanaziba kwa nguvu zao pengo ambalo mtengenezaji alilipwa kuliziba. Ila kuna tabia moja inanitia uchungu. TextFSM ikikutana na mstari usiolingana na kanuni yoyote, kwa kawaida inauruka tu, kimya. Mwandishi wa kiolezo ndiye anayepaswa kukumbuka kuweka `^. -> Error` mwishoni mwa kila hali (sehemu ya kiolezo) ili ipige kelele. Violezo vingapi vya ndani, vilivyoandikwa kwenye kampuni kwa haraka, vina mstari huo? Netmiko nayo, maktaba ya Python ya kuingia kwenye vifaa kwa SSH, ukiiwashia `use_textfsm` na uchanganuzi ukashindwa, desturi yake ni kukurudishia maandishi ghafi badala ya orodha. Lupu yako inaanza kupita herufi moja moja ikidhani ni majirani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe tunausikia mtandao ukiwa tayari uko chini.

Watakuja wa "jifunze rejeksi vizuri". Rejeksi naijua. Hakuna rejeksi inayokisia safuwima ambayo mtengenezaji ataiongeza mwezi ujao. Watakuja wa "tumia SNMP". Naitumia, hiyo itifaki ya kuviuliza vifaa hali zake, kwa vihesabio vya poti inafaa sana, lakini nusu ya ninachokiona kwenye CLI hakimo kwenye MIB (orodha za taarifa ambazo SNMP inaweza kuuliza) za vifaa vyetu.

Hata JSON, muundo wa data wa kusomwa na programu, si dawa ikitengenezwa kivivu. Kuna mfumo ambao jedwali likiwa na mistari mingi unakupa orodha, na likiwa na mstari mmoja unakupa kitu kimoja kisicho ndani ya orodha. Kwa hiyo skripti iliyofaulu kwenye majaribio inaangukia kwenye kifaa chenye jirani mmoja. Huo ni uzembe, hauna jina jingine.

Na inawezekana, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Junos, programu endeshi ya Juniper, inakuwekea `| display xml` nyuma ya amri kwa sababu CLI yake imejengwa juu ya XML, muundo mwingine wa data kwa programu, tangu chini. EOS, programu endeshi ya Arista, inakupa `| json` kwa amri nyingi sana. Anayesema haiwezekani aseme tu kwamba hajataka.

Ninachodai ni hiki. Kila amri ya `show` iwe na toleo la mashine siku inapozinduliwa, si miaka mitatu baadaye. Mpangilio wa taarifa upewe namba ya toleo, na ukibadilika uandikwe kwenye maelezo ya toleo kama linavyoandikwa tundu la usalama. Sisi tunaonunua tuliweke sharti hilo kwenye zabuni kabla ya kusaini, kwa orodha ya amri zenyewe, maana neno "inasaidia otomatiki" peke yake halimfungi mtu.

Wadau, kama kuna aliyewahi kuliweka sharti hilo kwenye mkataba na mtengenezaji akalitii, tupia hapa maneno uliyotumia. Nayahitaji kabla ya ununuzi wetu ujao.